Boti imeshapigwa mnada, bado niandike barua?

Jakisumu: Wakubwa, nisaidieni. Februari boti ya marehemu baba ilivutwa kutoka ufuoni hapa Dunga, eti leseni imeisha. Nikaambiwa itatunzwa mpaka kesi iamuliwe. Juzi nimeikuta Usoma, imepakwa rangi mpya, ila pale kwenye omo kuna kile kiraka cha bati nilichopigilia mwenyewe. Kumbe iliuzwa! Nimetumiwa hundi ya 11,400, wamekata gharama za kuihifadhi na za dalali. Injini peke yake tulinunua 140,000. Nikiipeleka benki nitakuwa nimekubali? Na kulalamika kuna faida gani wakati mali imeshaenda?

Mkaa Kondele: Pole sana. Kula hizo pesa uendelee na maisha. Barua yako itafungia mtu mandazi.

Mwalimu Nakuru: Mkaa Kondele, usimpoteze mwenzio. Nafundisha historia, na kisa hiki ni cha familia za Kijapani kule Kanada kabisa. Desemba 1941, vita na Japani vilipoanza, serikali ilikamata boti zao za uvuvi kama 1,200. Mwaka uliofuata watu zaidi ya 21,000, wengi wao raia, wakahamishwa kwa nguvu kutoka pwani ya British Columbia. Nyumba, mashamba, maduka, mpaka cherehani, wakaambiwa serikali inavishika kama amana. Amana! Januari 1943 ikatoka amri viuzwe, mwenyewe atake asitake. Pesa zikakatwa ada, zilizobaki zikatumika kuwalisha haohao kambini.

Waliandika barua, mamia. Sikudanganyi, hazikurudisha nyumba. Ila zilikaa kwenye mafaili ya ofisi ileile iliyouza, mtu kwa mwandiko wake akisema sikuuza, sikukubali, na bei hii siitambui. Serikali iliomba radhi 1988 na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 21,000 za Kanada. Wazazi wengi walikuwa wameshazikwa.

Hundi usiiguse kabla ya kuona wakili. Muulize Kifungu cha 40 cha Katiba, kinahusu mali. Barua andika leo, toa nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa. Na kiraka kitaje.

Jakisumu: Asante mwalimu. Nimejaza kurasa mbili, kiraka kiko mstari wa tatu. Muhuri bado, eti aliye nao ameenda kula. Niko hapa kwenye benchi namngoja.