"Kimeshafungwa na kupimwa kiwandani" kumbe linki za kichwa cha rota hazilingani!

Wakuu, naomba nitoe dukuduku langu hapa maana nimefika shingoni.

Nimenunua kichwa kipya cha rota (sehemu ya juu inayoshika mapanga yanayozunguka) cha helikopta ya rimoti. Kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa: kimeshafungwa na kupimwa, kazi yako ni kukichomeka kwenye shafti tu. Haya, nikachomeka. Kuzungusha tu, mapanga yakaachana kama mdomo wa mamba, moja juu jingine chini, na mashine nzima inatetemeka kwenye miguu yake.

Nikazima, nikachomoa linki mbili za juu, vile vijiti vinavyotoka kwenye swashipleti (sahani iliyo kwenye shafti inayobadilisha pembe ya mapanga) kwenda kwenye mikono ya mapanga. Nikaweka kalipa, kile kipimo cha milimita. Moja imeizidi mwenzake milimita moja nzima! Mtu ataniambia milimita moja ni nini. Mkono wa panga kwenye kichwa hiki una milimita 20 kutoka kwenye mhimili wake, kwa hiyo milimita moja ya linki ni karibu digrii 3 za pembe ya panga. Digrii 3 tofauti kati ya mapanga mawili, kwenye kitu kinachozunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Halafu "kimepimwa". Kimepimwa na nani, kwa kutumia nini?

Nikawaandikia wauzaji. Jibu lao: "Rekebisha kwa sabtrimu kwenye rimoti."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Sabtrimu, yaani marekebisho madogo ya kwenye rimoti, inasogeza sevo (vimota vidogo), sevo zinasogeza swashipleti, na swashipleti ni moja, inabeba mapanga YOTE MAWILI. Ukiinua, yanapanda yote. Ukishusha, yanashuka yote. Rimoti haina njia yoyote ya kujua panga lipi ni lipi. Tofauti iliyo juu ya swashipleti inaondolewa kwenye linki, basi. Mtu anayeuza vichwa vya rota hajui hilo?

Na hata linki za chini, za sevo, sabtrimu siyo dawa ya kumwagia kila kidonda. Mikono ya sevo inatakiwa isimame digrii 90 stiki ikiwa katikati, swashipleti ilale sawa, pembe ya mapanga isome sifuri. Hayo unayapata kwa urefu wa linki kwanza, rimoti unamalizia vichembe vilivyobaki. Ukijaza sabtrimu nyingi kwenye sevo moja, inaanza safari yake ikiwa imeinama, na ukisukuma stiki mpaka mwisho swashipleti inalala upande.

Tuje kwenye kurekebisha kwenyewe, maana na huko wametutega. Linki zao zina uzi (kama wa skrubu) wa milimita 2, raundi moja ni milimita 0.4. Kikombe cha gololi, kile cha plastiki kwenye ncha ya linki, kina upande wake, alama lazima iangalie nje, kwa hiyo huwezi kuzungusha nusu raundi. Sasa mimi nina tofauti ya milimita 1. Raundi mbili ni 0.8, raundi tatu ni 1.2. Vyovyote nitakavyofanya, nabaki na 0.2, zaidi ya nusu digrii! Wangeweka linki zenye uzi wa kulia huku na wa kushoto kule, ningezungusha katikati bila hata kuchomoa. Lakini hapana, shilingi mbili tatu za kubana matumizi ni tamu zaidi.

Bado sijavizungumzia vikombe vyenyewe. Kimoja kina kijinyama cheupe cha plastiki kilichobaki kwenye ukingo, kimeng'ang'ania gololi mpaka kinalia ukikisogeza. Cha jirani yake kinacheza.

Nikasema basi, nifuate kitabu cha maelekezo nianze upya. Kitabu kina mchoro wa linki na namba moja juu yake. Kutoka wapi hadi wapi? Katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, au ncha ya plastiki hadi ncha ya plastiki? Hakuna mshale, hakuna neno. Mshale mmoja tu jamani!

Hela nimewadai wanirudishie, kimya. Mwenye kichwa cha aina hii ambacho mapanga yake yanapita mstari mmoja, naomba anipimie linki zake za juu na aseme amepima kutoka wapi hadi wapi. Na wa "sabtrimu" apite tu, leo sitaki kesi.