Je, msuguano hula nishati ya tufe linalobingirika?

Tufe30 (swali):
Ndugu wanajukwaa, nimefundishwa kwamba msuguano hupinga mwendo na kugeuza nishati kuwa joto. Hata hivyo, katika hesabu za tufe linalobingirika mteremkoni bila kuteleza, tunaambiwa kwamba nishati yote inahifadhiwa, ingawa kani ya msuguano imo kwenye mchoro. Katika mteremko wa nyuzi 30, kitu kinachoteleza pasipo msuguano wowote huwa na mchapuko wa 4.9 m/s², ilhali tufe lisilo na uwazi ndani huwa na 3.5 m/s² tu. Ikiwa msuguano haukula chochote, tofauti hiyo imekwenda wapi?

Mizani:
Imo kwenye mzunguko. Tazama nukta ya tufe inayogusa mteremko: kitovu kinaipeleka mbele, mzunguko unairudisha nyuma kwa kasi ileile, kwa hiyo wakati wa kugusana nukta hiyo imetulia kabisa. Msuguano uliopo hapo ni msuguano tuli, na kwa kuwa nukta unayoishika haisogei, haufanyi kazi yoyote kwa maana ya kifizikia. Unachofanya ni kugawa: unakizuia kitovu kidogo na papo hapo unalizungusha tufe, hata 5/7 ya nishati mwendo ikawa ya kusonga na 2/7 ya kuzunguka. Pete nyembamba, ambayo tungamo yake yote iko ukingoni, hugawa nusu kwa nusu, na ndiyo maana huachwa nyuma na tufe, hata ikiwa nzito au kubwa kiasi gani.

Kauli ya kwamba msuguano "hupinga mwendo" ndiyo inayopotosha, kwani kinachopingwa ni nyuso mbili kuteleza. Tufe likibingirika kupanda mteremko, wengi (nami nilikuwa miongoni mwao) hudhani kwamba msuguano unaelekea chini. La, unaelekea juu vilevile: kadiri tufe linavyopunguza kasi, mzunguko nao hauna budi kupungua, na uzito hauwezi kuupunguza kwa kuwa unapita kwenye kitovu.

Tufe30:
Nashukuru sana. Basi kwenye sakafu tambarare, ni nini kinacholisimamisha?

Gurudumu:
Kama tufe na sakafu vingekuwa vigumu kabisa, na hewa isingekuwapo, msuguano ungekuwa sifuri na tufe lisingesimama. Kwa kweli vyote viwili hubonyea kidogo vinapogusana na havirudishi nishati yote vinapojinyoosha, hivyo kani ya sakafu huegemea mbele kidogo ya kitovu na kuupunguza mzunguko. Gurudumu la chuma juu ya reli hubonyea kidogo mno kuliko tairi la mpira barabarani, kwa hiyo hupoteza nishati kidogo zaidi.

Niongeze tahadhari moja kuhusu mteremko. Ili lisiteleze, tufe linahitaji msuguano sawa na 2/7 ya sehemu ya uzito inayolivuta kushuka. Mteremko ukiwa mkali kiasi kwamba nyuso haziwezi kutoa msuguano huo, kuteleza huanza, joto hutokea, na hapo hesabu ya kuhifadhi jumla ya nishati ya kimo na nishati mwendo haifai tena.