MR2 ya 1991 imegoma kuwaka baada ya kulala miaka minne

Muuliza, Kigamboni:
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota MR2, injini ya 3S-GE, imelala chini ya turubai tangu nilipohamishiwa Mtwara. Nimerudi, nimefunga betri mpya. Stata inazunguka vizuri tu, injini haishiki. Fundi wa mtaani anasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa, anataka laki nane. Mdomo wa tangi unanuka kama vanishi. Nianzie wapi?

Fundi wa Temeke:
Usitoe hata mia, mkuu. Petroli ya miaka minne si petroli tena, imwage yote. Halafu fungua kile kiboksi cha kupimia kwenye chumba cha injini, unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata. Utasikia pampu ikinguruma. Ikiwa kimya, angalia fyuzi na rilei, kisha pampu yenyewe. Soma maandishi kwenye kifuniko, usibahatishe tundu.

Mdau wa Mbagala:
Na waya, kaka. Panya hawana adabu.

Muuliza:
Mrejesho. Kimya kabisa, fyuzi nzima. Kuifikia pampu kumekula nusu siku, maana tangi limelala katikati ya viti viwili. Kichujio chake cheusi kama lami, pampu imeganda. Nimepata nyingine mtaa wa Gerezani, nimebadili na filta, lita kumi mpya. Stata ya tatu ikashika! Moshi ulivyotanda, mama mkwe akatoka na ndoo ya maji.

Fundi wa Temeke:
Hahaa. Sasa badili oili kabla hujavuka nayo kivuko.