Kutoa uzio wa zamani wa nguzo na mabati: guta, kirikuu, kenta au kijana wa skrepa?

BabaNeema
Wakuu, habari za jioni. Niko Kinyerezi. Nyuma ya nyumba nina uzio wa zamani wa nguzo na mabati, umechoka, na mvua zimeulaza upande. Nimeamua kuutoa mwenyewe na vijana wangu wawili Jumamosi hii, kisha fundi aje anijengee ukuta wa tofali. Kubomoa hakunitishi. Kinachoninyima usingizi ni mabaki, nayapeleka wapi. Bei nilizopata: guta elfu 15 kwa safari, kirikuu elfu 50 kwa safari, kenta laki moja na elfu 20 mpaka dampo. Kuna kijana wa skrepa naye amesema atabeba mabati yote bure na kunisafishia eneo. Ingekuwa ninyi mngechukua lipi?

FundiKoleo
Ndugu, bei umetupa, kazi yenyewe hujatuambia. Uzio mita ngapi? Nguzo za mbao, za chuma au za zege? Chini zimemiminiwa zege au zimeshindiliwa udongo tu? Gari inafika nyuma au kuna kichochoro? Ukuta mpya unapita mstari uleule? Mtu akikwambia chukua kirikuu kabla hujajibu hayo, anabahatisha tu.

ChumaSiTaka
Huyo wa kubeba bure mshukuru, umwache aende. Mabati ni mali yako. Hesabu yako mangapi, kunja seng'enge mviringo uzifunge, tenga misumari kwenye ndoo, halafu ita wanunuzi wawili siku tofauti. Na mzani uutazame mwenyewe. Ule wa kuning'iniza, mshale uwe umekaa kwenye sifuri kabla hajapachika kitu. Nimeshauza chuma mara nyingi, na mara nyingi kilo zinapotea pale mshale unapoanzia, hazipotei kwenye bei.

MamaShamimu
Kaka, nguzo usizilipie gari. Waite mama ntilie wa hapo mtaani, kufikia jioni hutakuta hata kijiti. Mimi nilipovunja banda langu la kuku nilifanya hivyo na walinishukuru sana.

BabaNeema
Ahsanteni. Uzio kama mita 60. Nguzo za mbao. Mabati ya mita 3, yamelazwa safu mbili, kwa hiyo yako 40. Juu kuna nyuzi tatu za seng'enge. Gari haifiki nyuma, kuna kichochoro cha kupita toroli. Chini nadhani kuna zege, niliukuta uzio nilipohamia.

Mufindi_Asili
Kabla ya mama ntilie, naomba jibu moja tu: nguzo zina rangi gani ukizikata? Usitazame nje, nje zikikaa juani zote zinakuwa kijivu. Kata kipande cha kidole kimoja, utazame kichwa chake. Ukiona duara la kijani kwa nje na mbao nyeupe katikati, hizo ni nguzo za dawa, aina ileile ya dawa wanayoweka kwenye nguzo za umeme huku kwetu. Ndani yake kuna shaba, kromu na arseniki. Inaitwa CCA. Mchwa hawazigusi kwa sababu hiyo.

Nguzo hizo hazichomwi. Moto hauiui arseniki. Sehemu inatoka na moshi, sehemu kubwa inabaki kwenye majivu, tena ikiwa imekolea. Mama anapuliza moto uso kwa uso, majivu anasugulia sufuria. Nawaomba kwa dhati, jambo hili msilichukulie kirahisi.

MamaShamimu
Mama zetu wamepikia mabaki ya ujenzi miaka yote. Sasa tuseme kila mbao ni sumu?

Mufindi_Asili
Hapana dada, si kila mbao. Mirunda ya mkaratusi isiyotiwa dawa, mninga, vipande vya mbao za paa visivyo na rangi wala dawa, hivyo chomeni bila wasiwasi. Ninachokataa ni ya kijani. Ukiwa na shaka, usimpe mtu apikie.

FundiKoleo
Sasa tunaweza kuongea. Mita 60, tuseme nguzo kila mita mbili na nusu, ukihesabu na ya mwanzo ni nguzo 25. Kama chini kuna zege ya shimo la sentimita 30 kwa 30 na kina cha 50, kila shina lina kama kilo 108. Mara 25 ni tani 2 na kilo 700. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanatazama mabati na nguzo kwa sababu ndivyo vinavyoonekana, kumbe mzigo uko ardhini.

Kirikuu, ile Suzuki Carry, kiwandani imepimiwa kilo 350. Najua mtaani tunaipakia mara tatu ya hapo, na najua pia inavyoishia, springi zimelala na breki hazishiki kwenye mteremko. Ukifuata uzito wake ni safari nane. Nane mara elfu 50 ni laki nne. Kenta ya tani 3 inamaliza kwa safari moja. Kwa hiyo bei ya safari isikuvutie, uliza bei ya tani.

ChumaSiTaka
Mabati 40 ya mita 3, kama ni geji 30, bati moja halifiki kilo 7. Yote hayazidi kilo 280, na kutu imeshakula sehemu. Hata kwa bei ya chini kabisa ya wanunuzi wa kwenu, hizo ni hela za kuchangia kenta. Ndiyo maana kijana anataka "kukusaidia".

MzeeWaTabata
Naomba niwaeleze yaliyonikuta, maana naona mnabishana bei na hakuna aliyeuliza mzigo unaishia wapi.

Miaka kadhaa nyuma nilivunja uzio kama huo huo, na geti lake la bati. Mke wangu alikuwa akiuza maji ya kisima, kwa hiyo kwenye geti tulikuwa tumeandika kwa rangi ya bluu MAJI YANAUZWA na namba ya simu. Nikamwita kijana wa guta. Safari tano, mabati yaliyooza, vipande vya zege, viroba viwili vya takataka za bustani, na lile geti. Nilimuuliza anapeleka wapi. Akajibu, "Mzee, usijali, nina sehemu." Nikaridhika. Kosa langu ni hapo, niliridhika na neno "sehemu".

Sehemu yenyewe ilikuwa mtaro mkubwa, mitaa miwili kutoka kwangu, unaoteremka kwenda Mto Msimbazi. Wiki ya pili ikanyesha usiku kucha. Kifusi kikakaa, matawi na viroba vikajazana juu yake, maji yakatafuta njia ya pembeni. Yakaingia kwenye vyumba vya mama mmoja mjane anayepangisha wanafunzi. Asubuhi watu wakateremka kwenye mtaro kuvuta taka kwa mikono. Wakavuta bati. Kwenye bati, rangi ya bluu, namba ya simu.

Simu ikalia kwa mke wangu saa mbili asubuhi. Alidhani ni mteja wa maji.

Nilikwenda. Nilimkuta yule mama ameanika magodoro juani, na wale wanafunzi wanatenganisha kurasa za madaftari moja moja. Sikuwa na la kujitetea. Faini ya ofisi nililipa, nikakodi vijana wa kusafisha mtaro, magodoro mawili nikanunua. Guta la elfu 10 kwa safari lilinigharimu kuliko Fuso. Lakini hela ilipita. Kila nikikutana na yule mama ananisalimia vizuri tu, na mimi ndiye ninayeinamisha uso.

Kwa hiyo BabaNeema, yeyote utakayemchagua, mmoja wa vijana wako apande naye kwenye gari mpaka mzigo umwagwe.

BabaNeema
Shikamoo mzee, na pole sana. Hilo la kupandisha kijana nimelichukua.

Dege_La_Asubuhi
Dampo halali la Dar ni Pugu Kinyamwezi, na kutoka Kinyerezi si mbali. Mwenye kenta akikwambia anafika dampo, muulize dampo gani na kama ada ya getini imo kwenye bei yake. Nilifanyiwa hivyo, tumefika ndipo ananiambia ada ni yangu.

MzeeWaTabata
Marahaba mwanangu. Na kwa kuwa Pugu imetajwa, vijana mjue dampo lilikuwa hapa kwetu Tabata. Watu waliugua moshi na nzi, wakaishtaki halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, kesi ya Joseph Kessy na wenzake ya mwaka 1988, mbele ya Jaji Lugakingira, na wakashinda. Hata hivyo Jiji liliburuta miguu kabla ya kuhama. Baadaye dampo likaenda Vingunguti, kisha Mtoni, ndipo Pugu. Kila mahali kuna watu. Ndiyo maana nasema kinachoweza kutumika tena kisiende kule.

FundiKoleo
Hapo nakuunga mkono mzee. Zege likivunjwa vipande vya ngumi ni kifusi kizuri cha kujazia chini ya sakafu au njia ya kutembelea. Kwenye msingi wa ukuta mpya usiliweke, pale panataka mawe yaliyopangwa. BabaNeema, una sehemu yoyote ya kujazia?

JiraniMwema
Samahanini, naona wote mmeruka jambo. Huo uzio ndio unaoonyesha mpaka. Bikoni, zile alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji, umeziona? Jirani yako amejulishwa? Usitoe nguzo ya kona kabla hujafukua ukaiona bikoni, na siku ya kutoa awepo jirani na mjumbe. Piga picha, pima kutoka ukuta wa nyumba mpaka kila nguzo, andika. Uzio ukishaondoka kila mtu anakumbuka mpaka anavyotaka.

ChumaSiTaka
Mada ni taka ndugu.

JiraniMwema
Ndugu, nimekaa mahakama ya ardhi miaka mitatu kwa ajili ya futi mbili. Nilikuwa nimeng'oa michongoma kwa mkono wangu mwenyewe. Nitasema popote ninapoona mtu anang'oa uzio.

Mwana_Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Huku za zamani ni boriti za mkoko, na ukizitoa usizitupe kamwe. Mimi nilitoa boriti za uzio wa babu, nikakata ncha ya chini iliyooza, zilizobaki nikazifanyia banda la mbuzi, mpaka leo zadumu. Dampo letu la Mwakirunge liko mbali, mkokoteni hauwezi, lazima lori. Kwa hivyo tumezoea kuangalia kwanza kipi kitabaki nyumbani. BabaNeema, hizo nguzo zako ukikata ncha zitafika urefu gani?

Mufindi_Asili
Kwa banda sawa, hata za dawa. Ila msizipange kuzungushia tuta la mchicha, na vumbi la msumeno mlifagie, mbuzi wasililambe. Anayekata avae barakoa.

Mswahili_Minnesota
Nilivunja baraza la mbao nyuma ya nyumba huku Marekani mwaka juzi. Lilijengwa kabla ya mwisho wa 2003, wakati CCA ilikuwa bado inatumika kwenye mbao za majumbani. Nilikodi kontena likaja kuwekwa mlangoni. Kilichonichelewesha ni kuchambua tu: walitaka mbao za dawa peke yake, hazisagwi kuwa matandazo ya bustani. Na misumari, ndugu zangu. Nilidhani nimeipinda yote, mmoja ukapenya soli mpaka mguuni, nikaenda kuchomwa sindano ya pepopunda. Vijana wako wavae buti, si ndala.

BabaNeema
Wakuu, leo nimerudi mapema nikafanya mlivyosema. Nimekata kipande cha nguzo moja. Ni kijani kwa nje, nyeupe katikati. Kwa hiyo za mama ntilie hapana. Nimefukua na nguzo ya tatu kutoka kona. Zege lipo, lakini si shimo la sentimita 30. Inaonekana walisimamisha nguzo ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20, wakamimina, wakaizika na ndoo yake. Hata mshikio wa waya bado upo. Ukuta mpya unapita mstari uleule, kwa hiyo zote lazima zitoke.

FundiKoleo
Hiyo imebadilisha hesabu kabisa. Lita 20 za zege ni kama kilo 48. Mara 25 ni tani 1 na kilo 200. Unapasua ndoo, unavunja kwa nyundo ya mawe pale pale, unatoa kwa toroli kidogo kidogo. Ukijazia nusu kwenye njia ya kichochoroni, inayobaki kirikuu inaweza, safari mbili. Au yote kenta moja ambayo haitajaa.

Dege_La_Asubuhi
Kenta isiyojaa ongea na jirani mwenye mabaki yake, mchangie.

MamaShamimu
Mufindi, nimeenda kumwona yule mama niliyempa mbao za banda. Anasema zilikuwa nyeupe mpaka mwisho, alizipasua mwenyewe. Nimeshukuru. BabaNeema, mabati usiyauze yote, mimi nahitaji sita ya kuezekea banda, nakuja na usafiri wangu.

BabaNeema
Dada karibu Jumapili. Mwana_Kisauni, zikikatwa ncha zinabaki kama futi sita. Kuhusu bikoni, moja nimeiona, ya upande wa mashariki sijaiona bado, na jirani wa upande huo amesafiri mpaka Jumatano.

JiraniMwema
Basi Jumamosi anza na mabati tu. Nguzo ziache zimesimama mpaka Jumatano.

ChumaSiTaka
Na Jumamosi hiyo mvua ikinyesha, mabati yainue juu ya matofali. Yakilala kwenye tope mnunuzi atakata kilo za udongo, na atakata nyingi.