Naomba ushauri: kuhamia Kaiser mtoto akiwa na selimundu

Wakuu, habari za majukumu. Niko Sacramento, California, na kazini dirisha la kubadili bima liko wazi. Kaiser Permanente inanivutia: bima, madaktari, maabara, famasi na hospitali vyote chini ya paa moja, na makato yake kwetu ni nafuu.

Shida ni mwanangu. Ana selimundu, na daktari wake bingwa yuko nje ya mtandao wao. Huko nje hawalipii bila idhini yao, isipokuwa dharura.

Mliohamia mkiwa na mgonjwa wa kudumu, bingwa mlimpata upesi? Idhini ya kutoka nje hutolewa, au ni danadana? Halafu dharura ikitokea likizoni Tanga, risiti zetu za kuandikwa kwa mkono wanazikubali?