Acheni kumtwisha Joe Jackson lawama zote, Motown ndiyo iliyowamaliza Jackson 5

Wakuu, nimechoka. Kila kipindi cha zilipendwa kikiigusa Jackson 5, kundi la Michael Jackson na kaka zake, hadithi ni ileile: mwimbaji Diana Ross aliwaibua, lebo ya Motown ikawalea, kisha baba yao mwenye tamaa, Joe, akaharibu kila kitu. Juzi nimeisikia tena redioni, mtangazaji anaimwaga kwa kujiamini kabisa. Hayo ni maneno ya lebo! Miaka zaidi ya 50 imepita na bado tunayameza.

Aliyewapeleka Motown ni mwimbaji Bobby Taylor, mwaka 1968, baada ya kuwaona jukwaani Regal Theater, Chicago. Mwimbaji Gladys Knight alikuwa ameshawapigia debe kabla yake. Na hawakuokotwa barabarani: kwao Gary, Indiana, ambako Joe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, walikuwa tayari wametoa wimbo kupitia lebo ndogo ya Steeltown. Lakini jina la Diana lilikuwa linauza, basi albamu ya kwanza, Desemba 1969, ikatoka na jina lake juu kama ndiye anayewatambulisha. Michael wakampunguzia miaka miwili ili aonekane mtoto wa ajabu zaidi. Bobby Taylor, aliyewarekodi mwanzoni, akasukumwa pembeni. Mzee wa watu hadi leo hatajwi.

Tuje kwenye hela. Nyimbo nne za kwanza walizotoa Motown, kuanzia "I Want You Back" hadi "I'll Be There", zote zilishika namba moja Marekani mwaka 1970. Zote nne! Mrabaha wao unaotajwa ni asilimia 2.7, na hiyo wanagawana ndugu watano. Kuandika nyimbo zao wenyewe, hawaruhusiwi. Tito na Jermaine wanapiga magitaa jukwaani, lakini studio vyombo wanapiga watu wa lebo. Nyimbo nyingi zinatoka kwa timu ya watunzi iliyojiita The Corporation, na Berry Gordy, mwenye lebo, yumo humo humo. Sasa niambieni, tamaa ilikuwa ya nani?

Vipigo vya Joe sivitetei, Michael mwenyewe alivisimulia na inauma kumsikiliza. Lakini baba aliyeona wanawe wameshakuwa watu wazima na bado wanaimbishwa kama watoto wa shule, akawatafutia mkataba bora kwenye lebo ya Epic mwaka 1975, kosa lake hapo ni lipi?

Na kinachonichefua kuliko vyote ni suala la jina. Walipoondoka, Motown ikasema Jackson 5 ni mali yake. Jackson! Jina la ukoo, jina la baba yao! Wakalazimika kujiita The Jacksons, na kesi ambayo Motown iliwafungulia ikaisha mwaka 1980 kwa familia kulipa dola 600,000. Unamtumikia mtu tangu utotoni, unamjazia ghala, halafu siku ya kuaga unamlipa wewe.

Jermaine naye anaitwa msaliti. Kijana wa miaka 20, mke wake Hazel ni binti wa Gordy, walioana Desemba 1973. Huku baba mzazi, huku baba mkwe, na baba mkwe ndiye bosi. Alibaki Motown, mdogo wao Randy akaingia nafasi yake. Mnataka angefanya nini?

Ushahidi kwamba Motown iliwabana upo kwenye albamu yao ya Destiny ya 1978, wakiwa Epic. Waliachiwa waandike wenyewe, na nyimbo zote isipokuwa moja ni zao. "Shake Your Body" ni ya Michael na Randy, hao hao ambao Motown isingewapa hata kalamu. Baadaye Michael akawa mkubwa kuliko kundi, na baada ya ziara ya 1984 halikusimama tena sawasawa. Hilo nalikubali.

Motown yenyewe je? Gordy aliianzisha mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa familia yake. Holland, Dozier na Holland, watunzi waliomjengea nyumba, waliondoka wakigombana naye kuhusu malipo. Gladys Knight akaondoka, Diana akaondoka, Marvin Gaye akaondoka. Mwaka 1988 ikauzwa dola milioni 61. Wote hao walikuwa na baba mwenye tamaa?

Mwenye hoja ya kuitetea Motown aje nayo, ila aanze na hizo dola 600,000.