Taulo za kike za kufua kwa wanawake waliokimbia vita: tushone au tuchange fedha?

Mshonaji wa Uyole, Mbeya

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Uyole tunaoshona taulo za kike za kufua na kuziuza kwa wazazi na shule za jirani. Tangu Goma ilipotekwa mwezi Januari 2025 tumekuwa tukizungumza, huku tukishona, juu ya wanawake wa Kongo walioondoka majumbani mwao na nguo walizovaa tu, na mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: mwanamke aliye njiani siku ya tatu, katikati ya umati, hedhi ikimkuta humo anajisitiri na nini? Tumekusudia kushona taulo 300 kwa ajili ya wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kabla hatujanunua flana, naomba wenye uzoefu watueleze kama taulo za kufua zinawafaa kweli wanawake wa kambini, au ni heri tuchange fedha.

Mama wa Tukuyu

Dada, hongereni kwa moyo huo. Mimi nimekulia Rungwe, ambako mvua hainyeshi msimu mmoja ikaondoka, na ninajua maana ya kitambaa kukataa kukauka. Tulikuwa tukianika vitambaa chini ya kanga nyingine ili kaka zetu wasivione, vikashika ukungu, tukavivaa vikiwa bado na unyevu, kisha tukawashwa na kuchubuka bila kuthubutu kumwambia mtu. Hayo yalitupata tukiwa nyumbani kwetu, kwenye amani, na kisima kikiwa karibu. Fikiria binti anayelala kwenye hema moja na shemeji na wajomba, kamba ya kuanikia nguo ikiwa njiani ambako kila mtu anapita. Taulo bila sabuni na bila mahali pa kuianika itamwongezea mzigo.

Muuguzi mstaafu, Iringa

Naunga mkono aliyosema mama wa Tukuyu. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata duniani, vinaelekeza kwamba mwanamke apate taulo za kufua 6 kwa mwaka au pedi za kutupa 15 kwa mwezi, kadiri anavyopendelea mwenyewe, pamoja na chupi 6 kwa mwaka, sabuni ya ziada gramu 250 kila mwezi, na chombo cha kutunzia na kulowekea vitambaa vyake. Watu husahau chupi, ilhali taulo haina pa kushikilia bila chupi. Maji yanayotakiwa ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, nayo ni ya kunywa, kupika na kuoga pia. Yakipungua, mama hutanguliza uji wa watoto na kufua vitambaa kunasubiri.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Huko Gaza, vita vilipoanza mwaka 2023, wanawake walimeza vidonge vya norethisterone ili kuchelewesha hedhi, kwa sababu pedi, maji na vyoo vya faragha vilikosekana. Dawa hiyo haimfai kila mtu, na anayetumia bila kupimwa anaweza kutokwa na damu ovyo au kupata kichefuchefu. Njaa na hofu nazo huweza kuikatiza hedhi kwa miezi, na mwanamke aliyebakwa njiani hukaa na wasiwasi wa mimba na maambukizi asijue amuulize nani, ingawa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Kwa hiyo katika kila mfuko wekeni karatasi yenye maelezo ya Kiswahili chepesi, inayomwelekeza kwenye zahanati ya kambi.

Niliyewahi kufanya kazi Kasulu

Niongeze moja lililoniuma. Niliwahi kushuhudia pedi zikigawiwa hadharani na wanaume, foleni moja na ya mafuta ya kupikia, na wasichana kadhaa waliondoka bila kuchukua chochote. Ombeni wanawake wa kambini wenyewe wagawe, tena muwaulize kwanza wanapendelea nini. Shoneni kwa kitambaa cha rangi ya kukoza, kwa kuwa doa likibaki kwenye nyeupe, mwenye nacho huona aibu kukianika juani. Kumbukeni pia kwamba kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, hivyo ni rahisi kupitia shirika ambalo tayari liko pale.

Mshonaji wa Uyole, Mbeya

Asanteni sana. Tumekaa jana na kukubaliana kwamba taulo zile 300 ziwe mifuko 50, kila mmoja na taulo 6, chupi, sabuni na ndoo ndogo yenye mfuniko. Rangi ni bluu iliyokoza. Muuguzi, tafadhali tusaidie kuandika ile karatasi. Na kama kuna anayejua duka la jumla la ndoo hizo pale Mwanjelwa, atuelekeze kabla ya Jumamosi.